Ushahidi wa Kamera: Mnyamapori, Tukio la Ghafla na Wajibu wa Mpiga Picha

Swali kubwa ambalo upigaji picha wa wanyamapori huliweka mbele ya mwanafalsafa na mwanadini halihusu ufundi wa kamera, bali hadhi ya tukio lenyewe: tendo la mnyama ambalo hakuna mtu aliyelipanga, ambalo hudumu muda mfupi kuliko pumzi moja na ambalo halitarudi kwa namna ile ile, ni la nani pindi linapoingia katika lenzi, na aliyelinasa ana wajibu gani kwa mnyama, kwa watazamaji wa picha, na kwa Muumba ambaye, kwa imani ya watu walio wengi katika Afrika Mashariki, ndiye mwenye viumbe vyote? Makala haya yanatetea jibu moja, nalo ni kwamba mpiga picha wa tukio la namna hiyo ni shahidi, na kwamba kazi yake inapaswa kupimwa kwa vipimo vile vile ambavyo dini na sheria zimemwekea shahidi tangu zamani, wala si kwa vipimo vya mwindaji anayehesabu alichorudi nacho, au vya msanii anayesifiwa kwa alichokibuni.

Tukio la ghafla, katika maelezo yanayofuata, ni tendo la kiumbe wa porini ambalo halikuvutwa kwa chambo, halikuzoezwa, wala halikulazimishwa: chui anayevuka njia akiwa amembeba mtoto wake mdomoni, mwewe anayemnyang'anya mwenzake mawindo angani, tembo anayesimama kwenye mifupa ya tembo mwingine na kuigusagusa kwa mkonga. Shahidi naye ni mtu aliyekuwapo, aliyeona, na anayeeleza alichokiona bila kukiongezea jambo. Mwindaji akishapata, kilichopatikana ni chake. Shahidi hamiliki alichokiona, na kuanzia saa ile anadaiwa ukweli na kila atakayemsikiliza. Kurani inawataka waumini wasimame imara katika ushahidi hata pale ushahidi huo unapowaumiza wao wenyewe au jamaa zao, na Amri Kumi zinakataza kumshuhudia jirani uongo, jambo linalozaa papo hapo swali ambalo wanateolojia wamelizungumza kidogo mno, yaani kama mnyama anaweza kuhesabiwa kuwa jirani wa kushuhudiwa kwa haki.

Swali la wajibu wa mpiga picha hudhaniwa kuwa la Ngorongoro na la Serengeti, ambako magari ya watalii hujipanga ukingoni mwa mto Mara yakisubiri nyumbu wavuke, lakini linawahusu vilevile wakazi wa Mjimwema, kata ya Manispaa ya Songea mkoani Ruvuma. Songea, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,000 na kutazamana na milima ya Matogoro unakoanzia mto Ruvuma, hupata msimu mmoja wa mvua, unaoanza kwa kawaida mwezi Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Mvua za mwanzo zinapolainisha ardhi, kumbikumbi hutoka vichuguuni kwa maelfu. Hao ni mchwa wenye mbawa, madume na majike, ambao huacha kichuguu walimozaliwa ili wapate wenza na kuanzisha makazi mapya, na wengi wao hawafiki popote, kwa sababu mwewe, kunguru na mbayuwayu huwadaka hewani, vyura na mijusi huwangoja chini, na watoto huwakusanya kwa mabeseni ya maji chini ya taa ili wakaangwe kwa chumvi. Hakuna anayejua siku wala saa yao kwa hakika. Mvua hunyesha, kukatulia, na mara anga hujaa mbawa. Mtu aliyesimama uani kwake na simu mkononi anaweza kuona katika nusu saa mpambano wa uhai na kifo usiopungua uzito mbele ya ule wa simba na nyati, na akiinua simu hiyo, maswali yote ya makala haya yanamkabili yeye kama yanavyomkabili mtaalamu mwenye lenzi ndefu ya mamilioni ya shilingi.

Kwa Waislamu, suala la picha lilikuwa la kisheria kabla halijawa la kifalsafa. Hadithi zilizokusanywa na Bukhari na Muslim zinaonya kwamba wenye kuunda sura za viumbe wenye roho wataamrishwa Siku ya Kiyama wazipulizie roho sura hizo, na hawataweza. Sababu ya onyo hilo, kwa mujibu wa wanazuoni wengi, ni kushindana na Muumba katika uumbaji, yaani kiumbe kujipa kazi isiyo yake. Kamera ilipoingia katika nchi za Kiislamu katika karne ya 19, wanazuoni walijiuliza iwapo picha yake inaingia katika katazo hilo. Muhammad Bakhit al-Muti'i, mwanazuoni wa Misri aliyepata kuwa mufti wa nchi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala akijibu kwamba haiingii, kwa hoja kuwa mpiga picha haumbi chochote, bali anakizuia kivuli cha kitu ambacho Mungu mwenyewe amekwisha kukiumba, kwa njia ya mwanga ambao nao ni kiumbe cha Mungu. Wapo waliompinga, na wapo hadi leo wanaoruhusu picha kwa dharura tu, kama ile ya pasipoti. Hata hivyo hoja ya kivuli ilipata wafuasi wengi, na ndiyo iliyowafungulia mlango Waislamu wengi wanaopiga picha bila wasiwasi wa dhamira.

Kinachostahili kuzingatiwa zaidi kuliko ruhusa yenyewe ni msingi wake. Ikiwa picha ni halali kwa kuwa mpigaji hakuongeza kitu juu ya kilichoumbwa, basi uhalali huo unategemea kutokuongeza, na kila anachokiongeza, awe amemfunga mbuzi kuwa chambo, amemwamsha bundi mchana ili aruke, au ameweka ndani ya picha mnyama ambaye hakuwapo, kinaitikisa nguzo iliyobeba ruhusa. Al-Muti'i hakuandika juu ya wanyamapori, na haitakuwa haki kumbebesha hukumu ambayo hakuitoa. Lakini anayeikubali hoja yake kuhusu kivuli anaikubali pia, atake asitake, nadharia ya shahidi, kwa kuwa mwenye kuzuia kivuli cha jambo lililotokea ni yule yule asiyedai kwamba jambo hilo amelitenda yeye.

Historia ya kamera katika nchi hii haikuanza na unyenyekevu wa namna hiyo. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyesafiri katika nyika za kaskazini mwa koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ni miongoni mwa watu wa kwanza duniani kupiga picha za wanyamapori usiku kwa kutumia mwako wa unga wa magnesi, na kitabu chake kilichochapishwa Leipzig mwaka 1905 kilitaja ndani ya jina lake vitu viwili kwa pamoja, mwanga huo na bunduki. Picha zake zilinadiwa kuwa na uaminifu wa hati, na kweli Wazungu hawakuwa wamepata kumwona simba wa porini kwa namna ile. Lakini katika zile za usiku zilizompa umaarufu, simba alikuwa amekuja kwa sababu punda au ng'ombe alifungwa pale amngoje. Tukio lilikuwa la kweli kwa upande wa simba, ambaye njaa yake haikuigizwa, na la kupangwa kwa upande wa punda, ambaye hakuna aliyemuuliza. Nyuma ya kila picha palikuwa na wapagazi waliobeba vioo vizito vilivyotumika badala ya filamu, ambao kumbukumbu za picha hizo haziwatendei haki hata kidogo.

Mwaka huo huo wa 1905 ndio ambao Vita vya Majimaji vilianza kusini, na mwezi Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea kwa makumi, mahali ambapo leo Makumbusho ya Majimaji huwakumbuka. Haisemwi hapa kwamba kamera ya Schillings ilishiriki katika mauaji hayo. Kinachosemwa ni kwamba katika utawala ule, kutazama na kutwaa yalikuwa tendo moja, na mwenye kutazama hakudhani kwamba aliyetazamwa, awe mtu au mnyama, alikuwa na neno lolote katika jambo hilo. Susan Sontag, mwandishi wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu upigaji picha jinsi bunduki ilivyogeuka kamera katika safari za Afrika Mashariki, akiona ndani ya badiliko hilo dalili ya maumbile yaliyokwisha kushindwa. Uchambuzi wake ni mkali na kwa sehemu kubwa una ukweli, ila unasahau kuwa mkono ule ule unaweza kujifunza kazi nyingine, na kwamba kubadili chombo kunaweza, kwa mtu mwenye dhamira, kuwa mwanzo wa kubadili nia.

Kisa cha Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, kinaonyesha jinsi mabadiliko hayo yalivyo magumu hata kwa watu wenye nia njema. Jane Goodall alipoona mwishoni mwa mwaka 1960 sokwe akiingiza majani marefu kichuguuni na kuvuta mchwa wa kula, alikuwa na darubini na daftari tu, na wapo wanasayansi walioushuku ushahidi wake kwa kuwa ulikuwa wa mdomo na wa msichana asiye na shahada. Mpiga picha Mholanzi Hugo van Lawick alifika Gombe mwaka 1962, na picha na filamu zake ndizo zilizoushawishi ulimwengu kwamba sokwe kweli hutumia zana. Lakini ili sokwe wakaribie, kambi ile iliweka ndizi, desturi iliyoanza baada ya sokwe mmoja dume kuja mwenyewe kambini na kuzichukua, na kadiri ndizi zilivyoongezeka, ndivyo sokwe walivyokusanyika wengi kupita kawaida, wakagombana wao kwa wao na kugombana na nyani. Goodall mwenyewe alikiri kwamba ulishaji ule ulibadili mwenendo wao, nao ukapunguzwa na hatimaye kuachwa, na mtafiti Margaret Power alidai katika kitabu cha mwaka 1991 kwamba sehemu ya ukali uliorekodiwa Gombe ilitokana na ndizi hizo. Mjadala huo haujafungwa kabisa, na makala haya hayana uwezo wa kuufunga. Jambo la kifalsafa liko wazi: shahidi aliyetoa ndizi bado anaweza kuwa shahidi wa kweli, kwa sharti kwamba azitaje ndizi. Heshima ya Goodall katika suala hili inatokana na kuzitaja, na hapo ndipo anapotofautiana na wapiga picha waliozificha. Mashindano ya wapiga picha wa wanyamapori yanayoendeshwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yamewahi kumvua mshindi tuzo mwaka 2010 baada ya waamuzi kuridhika kwamba mbwamwitu wa pichani huenda alikuwa wa kufugwa, na tena mwaka 2018 baada ya mnyama mla mchwa wa pichani kuonekana kuwa ngozi iliyojazwa. Picha zote mbili zilikuwa nzuri kwa macho, na uzuri wake haukuzisaidia, kwa kuwa kilichohukumiwa ni ushahidi.

Mfano ulio bora zaidi, na ulio karibu zaidi na Songea kwa jiografia na kwa maana, ni wa kima aitwaye kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa katika misitu ya mlima Rungwe walimjua na kumtaja kabla watafiti hawajamwona mwaka 2003. Mwaka uliofuata kundi jingine la watafiti lilimkuta, bila kujua habari za wenzao, katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 makundi hayo mawili, yakiwa na Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga miongoni mwa waandishi, yalimtangaza kwa pamoja katika jarida la Science kuwa spishi mpya. Hapa ndipo penye jambo zito. Kanuni ya elimu ya uainishaji wa viumbe hudai kielelezo cha msingi, yaani mnyama mmoja mahususi ambaye jina jipya hufungwa kwake daima, na kwa zaidi ya karne mbili kielelezo hicho kilikuwa, karibu kila mara, mzoga: ngozi na fuvu ndani ya kabati la makumbusho. Kwa kipunji, watafiti waliona kwamba wanyama hao ni wachache mno kiasi kwamba kumuua mmoja ili kuthibitisha kuwapo kwake kungekuwa kuupinga ukweli uleule waliotaka kuuthibitisha, hivyo wakakifanya kielelezo kuwa dume hai aliyeonyeshwa kwa picha na kuachwa mtini. Wataalamu kadhaa walipinga, wakisema kuwa picha haiwezi kupimwa, kupasuliwa wala kuchunguzwa vinasaba, na pingamizi lao lilikuwa na uzito. Mzoga wa kipunji kijana aliyenaswa baadaye kwenye mtego wa mkulima shambani ndio uliowezesha, mwaka 2006, kumweka katika jenasi yake ya pekee, Rungwecebus.

Kisa hicho kina mambo mawili ya kutafakari. La kwanza ni kwamba, kwa muda mfupi, sayansi ilikubali kujua bila kuua, ikiridhika na ushahidi mahali ilipozoea kudai mwili, na hilo ni tukio la kimaadili hata kama liliandikwa kwa lugha kavu ya jarida. La pili linaumiza kidogo: neno la mwindaji wa Kinyakyusa, ambaye alikuwa shahidi wa kwanza, halikuhesabiwa kuwa ushahidi mpaka lilipoungwa mkono na kamera. Picha haina ukweli mwingi kuliko kinywa cha mtu mwaminifu. Ina faida tu kwamba mtu wa mbali anaweza kuitazama mwenyewe. Wanaosahau tofauti hiyo huanza kuamini kwamba jambo lisilopigwa picha halikutokea, na kwa imani hiyo huwafuta watu wote walioishi na wanyama hao vizazi kwa vizazi bila kamera. Katika Songea kwenyewe, ambako familia nyingi hubeba majina kama Komba, Mbawala na Nyoni, ujirani wa mtu na mnyama ni wa kale mno kuliko picha yoyote.

Kipo pia kisa cha kamera zisizo na mtu nyuma yake. Mwaka 2005, katika msitu huohuo wa Ndundulu na jirani yake Luhomero, kamera za kutega, yaani zile zinazofungwa kwenye mti na kupiga picha zenyewe pindi mnyama mwenye joto anapopita mbele yake, zilileta picha za sange mkubwa mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi haikuwa imemjua, naye akatangazwa rasmi mwaka 2008. Hakuna mtu aliyekuwapo alipopita. Je, pana ushahidi pasipo na shahidi? Jibu linalofaa ni kwamba kamera ya kutega huacha alama, kama unyayo unavyobaki kwenye tope, na kwamba alama haishuhudii chochote mpaka mtu aisome kwa uaminifu, aseme iliwekwa wapi, lini na kwa namna gani. Wajibu haukuondoka pamoja na mtu. Ulihama tu, ukawaangukia wanaoitega kamera na kuisoma. Inastahili kuongezwa kwamba sange huyo, tofauti na kipunji, alihitaji vielelezo vya mwili kabla hajapewa jina, jambo linaloonyesha kuwa mlango uliofunguliwa mwaka 2005 haukubaki wazi kwa kila kiumbe.

Wakati nao unadai kutazamwa upya. Mwaka 1952 Mfaransa Henri Cartier-Bresson alichapisha kitabu ambacho kwa jina lake la Kiingereza kilieneza wazo la nukta ya uamuzi, yaani ile sekunde moja ambamo mambo yote ya tukio hukaa katika mpangilio kamili na jicho la mpiga picha huidaka. Katika wazo hilo, wakati ni mto unaopita, na ubingwa ni wa mwenye jicho. Mwanateolojia John Mbiti, kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa Kitui nchini Kenya, alieleza jambo tofauti katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Afrika: kwamba katika fikra za jadi wakati hauko peke yake kama chombo kitupu, bali huundwa na matukio, na pasipo tukio hapana wakati. Mbiti aliyagawa maeneo ya wakati kwa maneno ya Kiswahili, sasa na zamani, na akawajibu wageni waliodhani kwamba Mwafrika aliyekaa chini ya mti anapoteza wakati, akisema kwamba mtu huyo huenda anausubiri wakati, au anautengeneza. Wanafalsafa wengine, hasa Kwame Gyekye wa Ghana, walimpinga kwa kuwapaka Waafrika wote rangi moja na kwa kuwanyima dhana ya siku zijazo, na katika hilo Gyekye ana haki. Lakini juu ya kusubiri, Mbiti aliona jambo ambalo kila mpiga picha wa wanyamapori hulijua mwilini mwake: anayekaa saa tano kando ya dimbwi la maji bila kubonyeza kitufe hajapoteza saa tano, kwa kuwa wakati anaoungoja bado haujawapo, na utakapokuja utaletwa na mnyama.

Kusubiri kwa namna hiyo kuna undugu na sala kuliko na uwindaji. Wabenedikti waliofika Peramiho, magharibi mwa mji wa Songea, mwaka 1898, huishi kwa Kanuni inayoanza kwa wito wa kusikiliza, na masufii wa Kiislamu huita subira kituo kimojawapo katika safari ya kumwendea Mungu. Kinachofanana katika mapokeo hayo mawili ni imani kwamba kilicho kikubwa hakichumwi, bali hupewa, na kwamba kazi ya binadamu ni kuwa tayari. Muumini anaweza kuliita tukio la ghafla riziki au neema. Asiyeamini anaweza kuliita bahati. Wote wawili wanalazimika kukubali kwamba hawakulifanya wao.

Ugumu unakuja pale inapoulizwa kama mnyama anayeonekana anajionyesha kwa anayemwona. Kurani inafundisha kwamba wanyama watembeao na ndege warukao ni umma mbalimbali mfano wa wanadamu, na kwamba vitu vyote humsabihi Mungu ingawa binadamu hawaifahamu tasbihi yao. Katika kitabu cha Ayubu, Mungu anamuuliza mtu huyo mwenye mateso kama anajua majira ambayo mbuzi wa majabalini huzaa, na kama amewahi kuwalinda wakati wa uchungu wao. Jibu linalotarajiwa ni hapana, na maana yake ni kwamba viumbe wana maisha yao mbele ya Mungu, yasiyomngoja binadamu ayatazame wala kuyathibitisha. Ikiwa hivyo ndivyo, basi mpiga picha huingia katika tukio la mnyama kama mtu anayeingia mahali ambapo wengine wanasali: hakatazwi kuwapo, lakini hawi yeye anayeelekewa na sala ile, na adabu inamtaka asiikatize. Hapa ndipo neno jirani linapopata maana yake, kwa kuwa kumshuhudia jirani uongo si kumzulia tu jambo ambalo hakutenda, bali pia ni kumfanya atende, kwa hofu au kwa njaa, jambo ambalo asingelitenda, kisha kulitangaza kuwa lake. Ndege anayefukuzwa kiotani ili picha ya mbawa zake ipatikane ameshuhudiwa uongo, hata kama kila nukta ya picha hiyo ni ya kweli. Na yupo shahidi anayesaliti bila kusema uongo: simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, na picha ya faru au tembo mwenye pembe kubwa inayosambazwa na alama hiyo inaweza kuwa ramani mkononi mwa jangili.

Litatolewa pingamizi kwamba hakuna picha isiyochagua, kwa kuwa fremu huacha mengi nje, lenzi ndefu huyakurubisha yaliyo mbali, na mhariri huchagua picha moja kati ya mia. Hilo ni kweli, na ni kweli vilevile kwa kila shahidi aliyewahi kusimama mahakamani, ambaye huona kutoka pembe moja na hukumbuka baadhi ya mambo tu. Hakuna hakimu anayemdai shahidi ukamilifu. Anamdai asiseme alichokiona mwingine kana kwamba alikiona yeye, wala asibuni. Kwa sababu hiyo picha za wanyama zinazotungwa leo kwa akili mnemba, ambazo humwonyesha simba akimlamba mtoto wa swala kwa mwanga mtamu kuliko jua la kweli, zina kasoro iliyo nje ya sanaa. Hazina mtu aliyekuwapo, na zinapopitishwa kuwa picha za porini humdhulumu kila mtu aliyewahi kungoja.

Mkoani Ruvuma nadharia hii inakutana na tembo. Ushoroba wa Selous na Niassa, yaani njia ya asili ambayo wanyama huipita kati ya hifadhi kubwa za Tanzania na Msumbiji, unapita katika wilaya za Namtumbo na Tunduru, kupitia ardhi ya vijiji na maeneo yanayosimamiwa na jumuiya za wananchi kama ile ya Mbarang'andu. Idadi ya tembo katika mfumo wa ikolojia wa Selous ilishuka kutoka takriban 110,000 mwaka 1976 hadi takriban 13,000 mwaka 2013, na picha za makundi ya miaka ile ya kwanza zimegeuka kuwa kumbukumbu za waliokwisha kuuawa. Tamko lililotolewa Arusha mwezi Septemba 1961, ambalo halipaswi kuchanganywa na Azimio la Arusha la 1967, liliwapokea wanyamapori kuwa dhamana mikononi mwa taifa changa, na tangu hapo Tanzania imejifunza kuuza kile kinachoitwa utalii wa picha, ili kuutenga na utalii wa uwindaji. Mgeni aliyelipa anapiga picha ya tembo anayevuka mto jioni, na picha hiyo, ikiwa haikulazimishwa, ni ushahidi halali na mara nyingi ni mzuri mno.

Mkulima wa Namtumbo anayeamka alfajiri na kupiga kwa simu yake nyayo za tembo katikati ya mahindi yaliyolazwa chini, naye amenasa tukio la ghafla la mnyamapori, lisilopangwa wala kuvutwa kwa chambo, isipokuwa mtu ayaite mahindi ya watoto wake chambo. Serikali imeweka malipo ya kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao na kifuta machozi kwa aliyefiwa au kujeruhiwa, na tathmini yake hufanywa na maofisa kwa taratibu zao. Lakini swali la makala haya ni la watazamaji. Ikiwa mpiga picha ni shahidi, basi shahidi huyu wa pili ana hadhi ileile ya yule wa kwanza, na anayeikubali picha ya mto kuwa ukweli kuhusu tembo hana sababu ya kuiona ile ya shamba kuwa habari za mgogoro tu, kwa kuwa ni tembo yuleyule, katika usiku mmoja wa safari yake moja. Kwa sasa picha ya mto huchapishwa katika kalenda na kutundikwa katika kuta za hoteli, na ile ya shamba hubaki katika simu ya mkulima, au humfikia mwenyekiti wa kijiji na ofisa wa wanyamapori, na ni nadra kumfikia mtu aliyeinunua ya kwanza.